Ghorofa Zote ni Moja

Ofisi ile ilikuwa na vikombe vitano na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: anayeshindwa ndiye anayeosha. Na kwa miezi kumi na mmoja mfululizo, mikono ya Bi Sheria haikuwa imegusa sabuni ya vyombo ya ofisi. Nyumbani kwake aliosha kama binadamu wengine. Ofisini, thubutu.

Jina hilo alipewa kwa sababu ya kazi yake. Kabla mashine haijaundwa, kabla hata waya mmoja haujakatwa, yeye aliketi na kalamu akaandika mambo ambayo mashine hiyo ingepaswa kuyatii. Hakuandika insha. Aliandika milinganyo: kushoto jambo moja, kulia jambo lingine, katikati alama ya sawasawa imesimama kama mizani. "Kufunga mlango mara mbili ni sawa na kuufunga mara moja." Ukimwambia mtu wa nje kwamba hiyo ni kazi ya mshahara, atakuuliza kama kuna nafasi nyingine. Lakini mashine, ndugu yangu, haina akili ya kuzaliwa. Usipoiambia kwamba mlango uliofungwa umefungwa, itausukuma na kuusukuma mpaka mota iungue, kisha itakutazama kama mtu aliyefanya kazi nzuri.

Aliyeipokea milinganyo na kuigeuza kuwa programu alikuwa jamaa mmoja mrefu aliyeitwa Mvivu. Hakuwa mvivu hata chembe. Baba wa mapacha wa miaka miwili hana nafasi hiyo. Jina lilitokana na mchezo wa pale ofisini. Bi Sheria akimaliza karatasi anampa Mvivu, na Mvivu haruhusiwi kuuliza "ulimaanisha nini hapa?" Anaisoma kama hakimu, neno kwa neno. Halafu anatafuta mashine zembe kuliko zote, goigoi, isiyomfaa mtu yeyote, lakini isiyovunja sheria hata moja kati ya zilizoandikwa. Akiipata, maana yake karatasi ina tundu, na aliyeiandika anaosha vikombe wiki nzima. Asipoipata, anaosha yeye. Ni hapo tu ndipo karatasi inaporuhusiwa kutoka mlangoni.

Kwa miezi kumi na mmoja aliyeosha alikuwa Mvivu.

"Si neno," alikuwa akisema, povu likimfika viwikoni. "Mke wangu anawashukuru kwa mafunzo."

Sasa, karatasi ya safari hii haikuwa karatasi kama nyingine. Ilihusu lifti, na lifti yenyewe ilikuwa ya jengo alimokuwa akiishi mama yake Bi Sheria, ghorofa ya tisa, pamoja na magoti mawili ambayo yalikuwa yamestaafu kabla ya mwenyewe.

Mama huyo alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini kabisa, kando ya mlango mkubwa wa jengo: meza ya kukatia nguo, kioo cha urefu wa mtu, cherehani mbili, na mlango wa chuma wa kukunja. Lifti ilipokufa, miezi saba iliyopita, mama alibaki juu na kazi ikabaki chini. Hakulia. Aliweka cherehani ya mkono juu ya meza ya kulia chakula, akafunga kamba kwenye kikapu, na nguo zikawa zinapanda na kushuka dirishani kama ndoo ya kisima. Wateja waliohitaji kupimwa walipanda ngazi mia moja sitini na mbili. "Wananifikia viuno vimeshapungua," mama alisema. "Nikiwapima nikashona, wakishuka wakinywa maji suruali haifungi. Halafu lawama kwangu."

Ufunguo wa chumba cha chini ulining'inia kwenye msumari jikoni. Kila Bi Sheria alipokuja aliuona, na kila alipouona alitazama kando.

Kamati ya jengo ilikuwa imesema hivi: Ijumaa saa nne asubuhi wanapiga kura. Kama mkaguzi wa lifti atakuwa ametia saini karatasi ya sheria za mtambo mpya, lifti itafufuliwa. Kama hajatia, tundu la lifti litajengwa tofali na kila ghorofa itapata stoo ya kuwekea mafagio. Mwenyekiti wa kamati aliiunga mkono sana stoo. Alikuwa akiishi ghorofa ya chini, na alipenda kuwakumbusha watu kwamba ngazi ni afya.

Basi Bi Sheria akaandika. Aliandika siku kumi, akafuta, akaandika tena. Zikatoka sheria kumi na nne, kila moja imenyooka kama upindo uliopigwa pasi. Jumatatu mchana akazitazama, akajiona hodari, akaukumbuka ule ufunguo, na akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akampelekea mkaguzi karatasi kabla Mvivu hajaicheza. Mkaguzi angehitaji siku za kusoma. Na kwani Mvivu alikuwa amempata lini?

Nyani haoni kundule. Tuendelee.

Jumatano baada ya chakula cha mchana, Mvivu alikuja kwenye meza yake huku amebeba kompyuta mikononi kama mtu aliyebeba keki ya harusi.

"Dada," alisema, "lifti yako iko tayari. Nataka uwe wa kwanza kupanda."

Kwenye kioo cha kompyuta kulichorwa jengo, kisanduku cha lifti chini kabisa, na vitufe. Bi Sheria akabonyeza nne. Kengele ikalia. Juu ya kisanduku ikaandikwa 4, milango ikafunguka. Kisanduku hakikusogea hata unywele.

"Haijaenda."

"Imefika."

"Imefika wapi, Mvivu? Iko palepale chini!"

"Bonyeza tisa."

Akabonyeza tisa. Kengele. 9. Milango ikafunguka, palepale chini.

"Hiyo ni lifti mfu yenye kengele," alisema Bi Sheria. "Umevunja sheria zangu zote."

"Niambie moja." Mvivu alivuta kiti, na sauti yake ilikuwa na upole wa mtu aliyesubiri miezi kumi na mmoja. "Twende pole pole, dada yangu. Sheria ya tatu umeandika nini?"

"Ukiwa ghorofa ya tisa ukaamuru 'panda,' unabaki ya tisa. Juu yake kuna paa, unataka uende wapi?"

"Safi kabisa. Ya nne?"

"Ukiwa ya tisa ukaamuru 'shuka,' unafika ya nane. Ukiwa ya nane, unafika ya saba. Hivyo hivyo mpaka chini."

"Nakubali. Na ya tano, ile uliyosema ni nzuri mpaka ungeitia kwenye fremu?"

"Panda kisha shuka, umerudi ulipokuwa."

"Haya. Mimi ni abiria." Akaweka kifuniko cha kalamu juu ya rundo la vitabu. "Niko ya tisa. Napanda. Niko wapi?"

"Ya tisa. Sheria ya tatu."

"Nashuka. Niko wapi?"

"Ya nane. Sheria ya nn..."

Mvivu hakumsaidia. Alikunja mikono tu akangoja, kama mtu aliyeona maziwa yanapanda kwenye sufuria na sufuria si yake.

"Nimepanda kisha nimeshuka," Bi Sheria alisema taratibu. "Na sheria ya tano inasema nimerudi nilipokuwa. Nilikuwa ya tisa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ya nane ni sawa na ya tisa."

"Na ukishuka moja kutoka ya nane, na ukashuka moja kutoka ya tisa, ambazo ni kitu kimoja?"

"Ya saba ni sawa na ya nane." Alishika kichwa. "Na ya sita ni sawa na ya saba. Na... Mungu wangu. Mpaka chini."

"Ghorofa zote ni moja," alisema Mvivu, na sasa kicheko kilimponyoka. "Mimi ni nani hata niisogeze lifti? Iende wapi, na iko kila mahali? Umejenga jengo la ghorofa tisa, dada, lakini zote tisa ziko chini!"

Ofisi nzima ilikuwa imesimama nyuma yao. Bosi, mama mmoja mwenye kicheko cha kutikisa madirisha, alikipeleka kikombe chake taratibu mpaka mbele ya Bi Sheria. Wakafuata wengine. Vikombe vitano, kimoja kina majani ya chai ya jana.

Lazima nimtendee haki: alicheka. Alicheka mpaka akafuta macho, maana tundu lilikuwa zuri, na mtu wa kazi hawezi kulichukia tundu zuri hata likiwa kwenye nguo yake. Alikwenda sinkini akaosha. Ni alipofika kikombe cha nne ndipo alipokumbuka, na kikombe kikamteleza.

Nakala yenye tundu ilikuwa kwa mkaguzi. Tangu Jumatatu. Na mkaguzi anakuja kesho.

*

Jioni ile alipanda ngazi mia moja sitini na mbili akahisi kila moja, na kila moja ilikuwa mbali kabisa na nyingine. Ngazi hazikuwa zimesoma karatasi yake.

Mama alikuwa akitia vifungo kwenye koti, pini tatu zimebanwa midomoni. Alisikiliza habari yote bila kuzitoa. Halafu akazitoa, moja baada ya moja, akazichomeka kwenye mto wa pini.

"Yaani kwa mujibu wa karatasi yako," alisema, "hapa nilipo ni sawasawa na chini?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi niko dukani!" Akaangua kicheko akapiga meza. "Miezi saba nahangaika na kikapu, kumbe niko dukani! Hebu fungua mlango wa chuma hapo, mwanangu, wateja waingie."

"Mama, si mzaha. Nikimwambia mkaguzi ana kosa mkononi, ataniambia nilete karatasi mpya. Karatasi mpya ni siku thelathini. Kura ni keshokutwa. Watajenga tofali."

"Na usipomwambia?"

"Huenda hakuona. Ataweka saini, lifti itapona, nami nitairekebisha sheria ya tano kimya kimya. Ni maneno matatu tu yalikosekana."

Mama aliupitisha uzi kwenye tundu la sindano, jicho moja limefumbwa. "Zamani niliwahi kupeleka gauni la bibi harusi na pini ndani, hapa ubavuni. Nimefika dukani nahesabu pini, moja hamna. Unajua nilifanya nini?"

"Ulikimbia."

"Mbio! Tepu shingoni, kiatu kimoja. Siku hizo magoti yalikuwa yangu. Nikamkuta mlangoni anaingia kwenye gari, nikampekua mbele ya wakwe. Aibu? Wee! Lakini alikaa akala akacheza, hakuchomwa." Akakata uzi kwa meno. "Mimi kikapu changu bado kizima. Fanya unavyofanya."

Bi Sheria alitazama ufunguo msumarini. Safari hii hakutazama kando.

*

Mkaguzi alifika Alhamisi saa tatu asubuhi kamili, mzee mkavu, mwenye miwani mbili: moja ya kusomea na moja ya kutishia. Akaamkiwa, akaitika, akakaa, akafungua mkoba, akatoa karatasi.

"Nimeisoma mara mbili," alisema. "Kazi safi. Hasa hii ya tano: panda kisha shuka, umerudi ulipokuwa. Nimempigia mke wangu simu kumsomea." Na akaigeuza karatasi mbele ya Bi Sheria, ili aone saini iliyokwisha kuwekwa, na muhuri wa buluu pembeni yake.

Lifti ilikuwa mezani. Ilikuwa imepona. Ilihitaji tu mtu mmoja afunge mdomo.

Mwenye kuvuliwa nguo huchutama. Lakini Bi Sheria alijivua mwenyewe.

"Mzee, naomba uifute saini yako."

"Unasemaje?"

"Karatasi hiyo inasema jengo lina ghorofa moja."

Akachukua kifuniko cha kalamu, akakiweka juu ya rundo la vitabu, akamwonyesha: tisa, panda, tisa, shuka, nane, na sheria ya tano imesimama pale inadai umerudi tisa. Mkaguzi alifuata kwa miwani ya kusomea. Alirudia mwenyewe, kwa kidole. Halafu akajitazama kifuani kama mtu aliyetembea mji mzima na ndipo sasa akagundua shati amelivaa nyuma mbele.

"Na nimempigia mke wangu simu," alisema mwishowe.

Akaichana karatasi katikati. "Umefanya vyema, mama. Lakini kanuni unaijua. Karatasi mpya, siku thelathini."

"Samahani, mzee," alisema Mvivu, ambaye alikuwa amejibanza karibu na sinki. "Hizo siku thelathini ni za kufanya nini?"

"Za mkaguzi kutafuta makosa."

"Na akiyakosa mapema?"

Mkaguzi alivua miwani ya kusomea. Akavaa miwani ya kutishia, akatoa mkobani kijitabu cha kanuni kilichochakaa, akalamba kidole, akafunua kurasa. "'Siku thelathini,'" alisoma, "'au mpaka mkaguzi aridhike, litakalotangulia.'" Alitazama dari. "Miaka ishirini na sita. Hakuna mtu aliyewahi kutumia hayo maneno ya mwisho."

"Sisi hapa tuna mchezo," alisema Mvivu.

Wakamweleza. Mashine zembe kuliko zote, hakuna kuuliza, mpaka saa kumi jioni. Akiipata hata moja, siku thelathini, na Bi Sheria anaosha. Asipoipata, anatia saini.

"Na ninaosha mimi?" aliuliza mkaguzi.

"Kanuni ni kanuni, mzee," alisema bosi.

Mkaguzi akavua koti.

Loo, ilikuwa siku! Bi Sheria aliweka karatasi mpya mezani, na sheria ya tano ikiwa na mkia wake: panda kisha shuka, umerudi ulipokuwa, *usipokuwa ya tisa*. Mkaguzi aliishambulia kama mbuzi aliyeingia bustanini. Kwanza alikimbilia chini kabisa: ukiwa chini ukaamuru shuka, unabaki chini, kisha ukipanda unafika ya kwanza, je, sheria ya sita, pacha wa ya tano, isemayo shuka kisha panda, umerudi ulipokuwa? "Nimekupata!" alipaza sauti akipiga meza. Hakuwa amempata. Pacha naye alikuwa ameshonewa mkia usiku uliopita: *usipokuwa chini*.

Akaunda lifti inayolala. Imetulia, milango imefungwa, haimuumizi mtu, haivunji chochote. "Mume asiyerudi nyumbani hagombani na mkewe," alisema kwa furaha. Sheria ya tisa ikamjibu: kila aliyeita lazima afikiwe, na walioita baada yake wasitangulizwe zaidi ya mara moja. Akaunda lifti inayofika lakini haifunguki. Sheria ya kumi na moja. Akaunda inayofunguka ikiwa katikati ya ghorofa. Sheria ya pili, na hapo Mvivu alisonya, "Mzee, hata mimi hiyo nilishaijaribu wiki ya kwanza kazini."

Saa saba waliagiza chakula na mkaguzi hakula. Saa nane alikuwa amelegeza tai. Saa tisa alikuwa amekaa upande mmoja na Mvivu, vichwa vimegusana, wakinong'ona kama wezi wa maembe, na Bi Sheria upande wa pili alikuwa akijibu kila shambulio kwa namba tu: "Ya saba. Ya kumi na mbili. Ya saba tena, mzee." Ulimwingia utamu, kama wa mtu anayeitazama nguo aliyoishona ikivutwa kila upande na mshono ukikataa kukatika.

Saa kumi ikagonga. Mkaguzi aliishusha kalamu.

"Mara ya mwisho kufurahi hivi kazini," alisema, "nywele zangu zilikuwa nyeusi." Akatia saini. Akapiga muhuri mara mbili, ule wa pili ukiwa wa furaha tu. Kisha akakunja mikono ya shati, akaenda sinkini, akaviosha vikombe vitano. Kimoja alikirudisha na doa, bosi akamrudishia aoshe upya.

Kesho yake saa nne mwenyekiti alisoma karatasi mara tatu akitafuta mahali palipoandikwa kwamba ngazi ni afya. Hakupaona. Kura zikapita.

*

Wiki sita baadaye, Jumamosi asubuhi, fundi wa lifti alifunga kisanduku cha mwisho cha nyaya, akajipangusa mikono, akasema, "Nani anaanza?"

"Nani mwingine?" alisema Mama, na alikuwa tayari ndani, amevaa gauni lake zuri, tepu shingoni, ufunguo mkononi. Bi Sheria akaingia nyuma yake. Kabla ya yote Mama alibonyeza kitufe cha kupanda.

"Mama, hapa ni juu kabisa."

"Najua. Nakagua kazi yako." Lifti ikatulia. "Tisa. Umepona hapo." Akabonyeza kila kitufe kilichokuwa chini ya tisa, vyote, kwa viganja viwili. Milango ikajifunga. Sakafu ikazama taratibu chini ya miguu yao, na Bi Sheria alimwona mama yake akishika ukuta, akifumba macho, akitabasamu.

Milango ikafunguka. Jirani mmoja alikuwa amesimama na mtoto begani.

"Samahani, jirani," alisema Mama. "Hapa ni ya ngapi?"

"Ya nane, mama yangu."

"Si ya tisa? Una hakika? Tazama vizuri, isije ikawa ni moja."

"Ya nane, wallahi!"

"Nane siyo tisa!" Mama alimtangazia bintiye, na milango ikafunga kicheko cha jirani nje. Akamuuliza wa saba. Akamuuliza wa sita, aliyekuwa na mswaki mdomoni na akajibu kwa vidole. Walipofika ya tatu, habari ilikuwa imewatangulia kwa ngazi, na watu walikuwa wamepanga mstari mbele ya milango wakipiga kelele ya namba zao kabla hawajaulizwa. Mwenyekiti, kule chini, naye alikuwepo, na suruali mkononi iliyosubiri upindo tangu mwezi wa pili.

Mlango wa chuma uligoma kidogo kisha ukapanda kwa kishindo. Vumbi, kioo, meza, cherehani mbili zimefunikwa shuka. Mama alizifunua kama mtu anayewaamsha watoto. Akafuta kiti, akakaa, akainyoosha ile suruali mezani, akatafuta kulia, akatafuta kushoto.

"Mkasi," alisema. "Nimeuacha juu."

Bi Sheria hakungoja kuambiwa. Miezi ile ya ngazi ilikuwa imeizoesha miguu yake. Alikuwa ameshatoka mlangoni, amekamata reli, yuko ngazi ya sita, aliposikia sauti nyuma yake.

"Wewe mtoto! Unakwenda wapi?"

Aligeuka. Mama alikuwa amesimama mbele ya lifti, kidole juu ya kitufe, tepu inamning'inia shingoni.

"Shuka hapo, kaa chini. Nakwenda mwenyewe."

Milango ikamfunga ndani akiimba. Alirudi na mkasi. Dakika tano hazijapita, akakumbuka kwamba amesahau chaki.